Jina Alilobebeshwa Zulfa

Idi pili ya mwaka huu mwanangu Abeid alitaka tuwapeleke watoto Msimbati. Nikamwambia jua ni kali. Akasema tutaondoka asubuhi. Nikasema vumbi la barabara ile linanikaba. Akasema, "Mama, gari lina vioo." Nikanyamaza, maana sababu yenyewe haikuwa ya kusema mbele ya watu. Msimbati ndiko nilikozaliwa. Tangu tulipomzika baba nimekuwa nikienda kwa msiba au harusi tu, naingia na kutoka, pwani sikai.

"Na Mama mkubwa Zulfa tutampitia," akaongeza. "Idi bila yule bibi hainogi."

Zulfa ni mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba. Mama yake alifariki yeye hajatimiza miaka mitatu, akaletwa kwetu, tukalala kitanda kimoja mpaka tulipoolewa. Ananizidi mwaka mmoja. Sasa anakaa Mtawanya kwa binti yake. Mimi nakaa Mikindani, peke yangu tangu baba Abeid alipotangulia mbele ya haki. Shule niliishia darasa la saba, lakini msahafu nilifundishwa na baba mwenyewe, aliyekuwa na chuo pale Msimbati, na kila Alhamisi kina mama wanakuja barazani kwangu kwa darsa. Mimi wananiita Mwalimu Mwaisha. Zulfa wanamwita Kobe.

Jina hilo huku kila mtu analijua. Kobe ni yule anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Watoto wanaitana hivyo mwezi mzima, Idi ikifika yamekwisha. La Zulfa halikuisha. Alilipata tukiwa wadogo, likamfuata unyagoni, likamfuata kwa mumewe, likahamia naye Mtawanya. Hata wasiojua lilikotoka wanamwita.

Tulimkuta amesimama nje ya nyumba yao na beseni la sambusa limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo Bibi Kobe," Nuhu akapaza sauti dirishani. Ana miaka minne, yupo yupo tu.

"Marahaba mume wangu. Nani kakuchana hizo nywele, paka?"

Mama yake akamgusa bega. "Nuhu. Sema Bibi Zulfa."

"Mwache," Zulfa akasema, anapanda gari huku anasukuma beseni miguuni mwangu. "Mimi nikiitwa Zulfa nageuka kutazama nani kaja nyuma yangu."

Abeid alicheka mpaka akagusa honi bila kutaka. Mimi nikashughulika na kufunga kioo.

Mama wa watoto hawa jina lake la kuzaliwa ni Rozalia. Kwao ni Mbinga, ni mwalimu wa shule ya msingi, na alisilimu miaka tisa iliyopita alipoolewa na mwanangu. Namwita Mama Warda. Sijawahi kumgombeza hata siku moja, na hilo nilikuwa najisifia moyoni. Nilichokuwa nafanya ni kusimulia. Kila mwezi wa Ramadhani ukiandama, nikiwa kwao, nawaweka watoto mkekani nawaambia jinsi bibi yao alivyofunga thelathini nzima akiwa na miaka minane, bila kuvunja hata moja, na baba yake akamtaja msikitini mbele ya wanaume. Nilikuwa nawasimulia watoto na macho yangu yako kwa mama yao. Nilikuwa najua kuwa namtazama yeye.

Mwaka huu Warda, wa miaka saba, alifunga yote. Baba yake akamnunulia baiskeli ya rangi ya waridi, na njia nzima tunapita Madimba mtoto hakuwa na neno jingine ila baiskeli.

"Bibi, na wewe ulipofunga ulipewa baiskeli?"

"Nilipewa gauni," nikamjibu.

"Na Bibi Kobe alipewa nini?"

"Mimi nilipewa jina," Zulfa akasema, "na mpaka leo halijachanika."

Walicheka wote tena. Mama Warda ndiye hakucheka, na nikaona kwenye kioo cha mbele kwamba ananitazama mimi.

Tulifika maji yamekupwa kabisa, kama yanavyokuwa mwezi ukiwa mchanga. Mchanga ulikwenda mbele mpaka karibu na miamba, na huko mbali wanawake walikuwa wameinama na ndoo zao wanatafuta chaza. Abeid akaegesha gari chini ya mivinje. Watoto wakavua viatu wakakimbia na nguo zao za Idi, mama yao anawafuata anawapigia kelele za gauni. Zulfa akatandika mkeka. Mimi nikasema naenda kunyoosha miguu.

Nyumba yetu haipo. Pamejengwa vibanda vya wageni vya makuti, na mlinzi akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Kisima kipo, kimewekwa mfuniko wa bati. Na mkorosho uliokuwa nyuma ya jiko upo, umezeeka, tawi moja limelala chini. Nilipouona tu, mdomo wangu ukakauka kana kwamba nimefunga.

Ilikuwa siku ya ishirini na mbili ya Ramadhani. Mama alikuwa amekwenda msibani Madimba. Jikoni aliacha sufuria ya ming'oko, vile viazi vya porini, aliyomchemshia mdogo wetu Athumani, aliyekuwa mtoto wa miaka miwili, na pilipili na chumvi kwenye kibakuli. Nilikuwa nimefunga ishirini na moja. Nilifunga kweli, hizo sikuiba. Lakini siku ile njaa ilinishika tangu saa nne, na ile harufu ya ming'oko haikunitoka puani. Athumani alipolala nikachukua sufuria nikaenda nayo chini ya mkorosho. Nikamenya na kula, namenya na kula, mpaka nikaona chini ya sufuria. Maganda nikayafukia kwa mguu.

Kuku wakayafukua.

Baba alirudi kabla ya Alasiri. Nilimsikia anawafukuza kuku, kisha nikasikia amenyamaza. Nikaingia jikoni mbio. Tulikuwa na mchezo pale chuoni, watoto wote tuliucheza: toa ulimi tuone. Aliyefunga ulimi wake ni mkavu na mweupe. Nikafungua kapu la unga wa mihogo ya makopa, nikachota kwa vidole vitatu, nikajipaka ulimini, nikaubana mdomo.

Akatuita sote wawili uani. "Toeni ndimi."

Nikatoa wangu. Zulfa akatoa wake, mwekundu, umelowa. Alikuwa ametoka kisimani kutawadha. Alipenda kufika chuoni kabla ya watoto wengine ili akae karibu na baba, kwa hiyo alikuwa anatawadha mapema kuliko sote.

"Nimesukutua, mjomba," akasema. "Nimetawadha."

"Alasiri bado."

"Nimetawadha mapema, mjomba."

Baba akanigeukia. Alikuwa mtu mpole na alitaka shahidi. "Mwaisha, nani alikuwa nyuma ya nyumba?"

Ningeweza kusema sijui. Nimefikiria sana hilo maishani mwangu, kwamba neno "sijui" lilikuwepo na mimi nililijua. Nikasema, "Zulfa."

Hakumpiga. Alimchukulia juzuu yake akaiweka juu ya kabati. Zulfa alikuwa mbele yangu kwa sura nyingi, na sauti yake ya kusoma watu walikuwa wanasimama njiani kuisikiliza. Baba akasema mtu asiyeweza kuitunza funga hawezi kushika maneno ya Mungu, akae jikoni mpaka atakapoambiwa. Hakuambiwa. Sisi tulisoma uani na yeye anatwanga nyuma ya ukuta. Idi ilipofika mimi nilivaa gauni lenye marinda, naye alivaa kanga ya mama iliyokatwa katikati, na watoto wa Msimbati wakamwimbia kutoka kwetu mpaka kiwanja cha sala: Kobe huyo, Kobe huyo, ficheni sahani. Nami nilikuwa kwenye kundi. Sikuimba. Lakini nilikuwa kwenye kundi, natembea nao.

Mlinzi wa vibanda akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia asante, baba, nipo sawa. Nikarudi mkekani.

Walikuwa wameshapakua. Pilau la jana, kachumbari, sambusa za Zulfa, mikate ya kumimina. Tukala vizuri. Abeid aliposhiba akaegemea gurudumu la gari, akamvuta Warda begani.

"Huyu," akasema, "ndiye kamrithi bibi yake. Thelathini nzima. Nilikuwa nawaambia kazini kule bandarini, hawaamini."

"Dada alikula," Nuhu akasema. Alikuwa anatoa mifupa kwenye pilau.

"Alikula lini?"

"Ramadhani. Biskuti. Chooni. Akanipa na mimi nisiseme."

Abeid akaanza kucheka. Mwanangu hana ubaya. Anacheka kwa sababu ndivyo alivyolelewa, jambo hilo kwetu linachekwa. "Loo. Kumbe tuna Kobe mwingine humu humu. Mama mkubwa, umepata mrithi."

"Dada Kobe," Nuhu akasema, neno limemfurahisha. "Dada Kobe. Dada Kobe."

Warda alikuwa amekaa vilevile, mkono wa baba yake begani, na uso wake umekuwa mzito kama wa mtu mzima.

"Warda," mama yake akasema polepole, "ni kweli?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini hukuniambia? Si nilikwambia watoto wanafunga nusu siku? Unafunga mpaka Adhuhuri leo, mpaka Adhuhuri kesho, tunaziunga inakuwa moja. Si nilikwambia?"

"Bibi hakuunga," Warda akasema.

Akautoa mkono wa baba yake, akasimama, akaondoka kuelekea kwenye maji, na yale maji yalikuwa mbali. Nuhu akataka kumfuata na wimbo wake, baba yake akamkamata kwa kaptula.

Mama Warda akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Alikuwa anazipanga ovyo, ndogo chini kubwa juu. "Nisamehe, Mama," akaniambia bila kuinua uso. "Najua itakavyosemwa. Kachukua upande wa mama yake."

"Hakuna atakayesema hivyo," nikajibu.

"Hawatasema," akasema. "Watasimulia tu."

Neno hilo nililistahili. Zulfa alikuwa ameshainuka, anajipangusa mchanga, anamfuata mtoto. Nikaokota kandambili za Warda ili niwe na sababu ya kwenda, nikawafuata.

Niliwakuta wamekaa kwenye gogo lililoletwa na maji, migongo yao huku kwangu. Mchanga ulinyonya hatua zangu, Warda hakunisikia.

"Bibi Kobe, wewe ulikula nini?"

Zulfa akageuza shingo. Akaniona nimesimama na kandambili mkononi. Akanitazama kwa muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi, kisha akamgeukia mtoto.

"Ming'oko," akasema.

"Mingi?"

"Sufuria nzima. Mpaka nikaona chini."

"Ilikuwa mitamu?"

"Sana. Na pilipili."

Mtoto akawaza. "Walipokuita Kobe ulilia?"

"Mwanzo nililia. Halafu nikajifunza kucheka kabla yao. Ukiwahi kucheka wewe, wenzako wanacheka na wewe, hawakucheki."

"Mimi wataniita mpaka lini?"

Zulfa alimwekea mkono kichwani, akatazama wale wanawake wa chaza kule miambani, na nilielewa kwamba hana jibu la kumpa ila lake mwenyewe, ambalo ni mpaka leo.

Nilikuwa na njia ya kukwepa. Nataka niseme ukweli: niliiona, na nikaanza kuipita. Nikasema, "Warda mjukuu wangu, hata mimi nilikuwa nasikia njaa. Hata mimi siku nyingine nilitamani sana kula." Nikajisikia ninavyosema. Sauti ilikuwa ile ya darsani, laini, yenye mafundisho. Zulfa akaangusha macho yake kwenye mchanga, kama anayemwonea mtu haya.

"Bibi Zulfa hakula," nikasema. "Ile ming'oko nilikula mimi."

Warda akanitazama, akamtazama Zulfa ili asahihishwe. Na nyuma yangu Abeid, aliyekuwa amekuja na Nuhu mabegani na mkewe ubavuni, akacheka.

"Mama bwana. Usimdanganye mtoto kwa ajili ya kumnyamazisha. Warda, Bibi anakubembeleza tu. Bibi yako huyu njaa yenyewe inamwogopa."

"Abeid, nyamaza."

"Si nasema tu—"

"Nilikula mimi. Nilikula chini ya ule mkorosho pale nyuma ya vibanda, nikafukia maganda, kuku wakafukua. Babu yako alipotuita nikajipaka unga wa makopa ulimini uwe mweupe. Zulfa alikuwa ametawadha, ulimi wake umelowa. Babu yako akaniuliza nani, nikamtaja yeye. Alikuwa amefunga. Siku ile, na siku zote thelathini. Aliyefunga thelathini ni yeye."

Abeid akamteremsha Nuhu. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri amalizie kucheka lakini kicheko kimempotea. "Mama mkubwa," akasema, "ni kweli haya?"

"Mimi naulizwa nini?" Zulfa akasema. "Aliyeulizwa siku ile ni yeye, na leo kajibu."

Hakuinuka. Alianza kuchora mchanga kwa kidole gumba cha mguu. "Nilikuona, Mwaisha. Ulikuwa na unga puani. Nilifikiri mjomba atauona. Nikasubiri auone. Nilipolala usiku nikasema kesho atakumbuka, ule weupe wa puani."

"Mbona hukusema?"

Swali hilo lilinitoka lenyewe, na natamani lisingenitoka. Zulfa akacheka kidogo, lakini hakucheka kile kicheko chake cha siku zote.

"Ningesema nini? Nilikuwa nakula kwa mjomba. Wewe ulikuwa mtoto wa nyumbani."

Nikakaa kwenye mchanga. Nikamwambia, "Nisamehe, Zulfa." Sijui nililisema mara ngapi. Nikamwambia kwamba nimezifunga siku nyingi kwa ajili ya ile moja, kila Jumatatu kwa miaka, na ndiyo, nilimwambia kama mtu anayetoa hoja. Mimi ndiye ninayewafundisha kina mama kuwa dhambi kati yako na Mungu unaitubia kwa Mungu, lakini haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Kila mwaka nafika kwenye somo hilo na kila mwaka nalipita haraka, nasema wakati umekwisha.

Mama Warda ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amemshika Warda kwa mbele, mikono imevuka kifuani mwa mtoto. "Miaka tisa, Mama. Ramadhani yangu ya kwanza nilianguka darasani mbele ya wanafunzi kwa kiu. Sikunywa. Nilikuwa nasema, mama mkwe wangu aliweza ana miaka minane."

"Najua," nikasema, maana Abeid aliniambia wakati ule, na mimi nilimjibu kwamba mwili utazoea.

"Sasa ulikuwa unanitazama nini?"

Abeid akasema, "Mama Warda, basi," naye akamwambia mumewe, "Sijasema neno baya. Nimeuliza."

Maji yalikuwa yameanza kurudi, wale wanawake wanajongea nchi kavu. Nuhu akauliza kama tunaondoka. Zulfa ndiye aliyemwita, "Njoo huku mume wangu, nishike mkono, gogo hili limenitia ganzi miguuni." Akasimama. Akanisogelea, mimi niko chini.

"Alhamisi una darsa?"

"Ninayo."

"Nitakuja."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuja darsani kwangu. Hajui tena kusoma msahafu. Anasali kwa zile sura alizozibeba kichwani kabla ya kunyang'anywa juzuu, na nyingine alizozisikia kupitia ukutani anatwanga.

"Nitakuja nikae," akasema. "Watu walioniita ni wengi, na wengi wako kule kwako. Warda kasikia, sawa. Lakini Warda hakuniita ila kwa kufundishwa."

Njiani kurudi hakuna aliyetaja baiskeli. Tulipofika Madimba Warda akalala kwenye mapaja ya mama yake. Abeid aliendesha kwa adabu, kama amebeba wageni. Tulipomshusha Zulfa Mtawanya, Nuhu akafungua mdomo kumuaga, akasita, akamtazama mama yake. "Bibi Zulfa, kwaheri," akasema. Zulfa hakugeuka kutazama nyuma. Akasema, "Haya baba," akaingia ndani na beseni lake.

Siku tatu zilizobaki kufika Alhamisi nilifanya mambo ambayo naona haya kuyaandika kuliko hata ming'oko. Niliwaza kwamba wiki ya baada ya Idi kina mama wengi huwa wamesafiri. Niliwaza Zulfa anaweza kuumwa. Jumatano jioni nilishika simu nikatafuta jina la mama mmoja anayetangaza darsa kwenye kundi letu, ili nimwambie nina homa. Nikaiweka simu chini. Nikaichukua. Nikaizima.

Alhamisi walikuja kumi na tisa, zaidi ya kawaida. Zulfa alikuja na leso mpya, akakaa karibu na mlango, na mama mmoja akamwambia kwa utani, "Leo hata Kobe kaja, kitabu kinasemaje?" wakacheka, naye akacheka kabla yao.

Sikufungua kitabu. Niliwaambia vilevile nilivyowaambia watoto pwani, ming'oko, kuku, unga, ulimi, jina nililolitaja. Niliwaambia na juzuu iliyowekwa juu ya kabati. Nilijitahidi nisitumie ile sauti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kudharauliwa. Nilikuwa nimejiandaa mmoja ainuke aondoke. Badala yake mama aliyekaa mbele akaanza kujifuta machozi. Mwingine akasema mashaallah, mtu mzima kujitaja hivi ni imani kubwa. Wakaanza kusema kwa zamu, nani angeweza, mwalimu wetu ana moyo, hili ndilo darsa la kweli. Mmoja akasogea akanishika mkono akaubusu.

Na hapo ndipo nilipoona haya kuliko siku zote za maisha yangu. Nimemvua mtu jina mbele yao na wao wananivisha mimi lingine, zuri zaidi ya lile la kwanza. Nikamtazama Zulfa. Alikuwa amekaa palepale mlangoni, mikono mapajani, hakuna hata mmoja aliyemgeukia.

Nikauvuta mkono wangu. "Msinibusu mimi," nikasema. "Aliyefunga yuko mlangoni. Mliokuwa mnamwita, mwombeni radhi, na mimi niondokeeni hapa mbele."

Wakageuka. Ilichukua muda. Yule aliyemtania Zulfa mlangoni ndiye wa kwanza kuinama, akasema, "Dada Zulfa, tuwie radhi, hatukujua." Wengine wakafuata, wengine wakabaki wamekaa wakitazama mikeka, maana walikuwa wameshamzoea vile.

Zulfa aliwaitikia mmoja mmoja. Waliposhika mkono wake ili waubusu aliuondoa. "Mimi sitaki kubusiwa," akasema. "Nina maharage jikoni." Akasimama akavaa viatu. Nikamfuata mpaka kizingitini, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama amenisamehe.

Akafikiri kweli, sikuona kama ananiringia.

"Bado," akasema. "Nikisamehe nitakwambia."

Akashuka ngazi za baraza. Nikarudi nikakaa nilipokuwa nimekaa, kina mama wananisubiri niseme neno la kufunga. Nikawaambia leo tuishie hapo.